Watu Wasioinama

Basi ilikuwepo nchi moja, na bado ipo palepale, haijahama wala haina mpango huo. Jina lake tuliache, maana wenyewe hawapendi kutajwa na watu wasio na kibali. Raia wake waliitwa Wazirenge, mmoja Mzirenge, na ile hali ya kuwa Mzirenge, ambayo huwezi kuishika lakini unaweza kunyang'anywa, iliitwa Uzirenge. Neno hilo lilikuwa kwenye wimbo wa taifa, kwenye mifuko ya saruji, hata kwenye matusi ya sokoni, na hakuna aliyewahi kujiuliza limetoka wapi. Waliishi nalo tu, kama mtu anavyoishi na figo zake.

Balaa lilianza Mheshimiwa Rais alipoalikwa karamu nchi za mbali. Mke wa balozi mmoja, mama wa watu asiye na nia mbaya, akamwuliza wakiwa kwenye matunda: "Mheshimiwa, hili neno Mzirenge maana yake nini hasa?" Rais akakohoa. Akakohoa tena. Wasaidizi wakaleta maji, akanywa bilauri nzima, na swali likawa bado limekaa mezani linamsubiri. Ndege iliporudi nyumbani, hata zulia jekundu halijakunjwa, amri ilikuwa imeshatoka: asili ya neno ipatikane kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri, kwa sababu Jumamosi taifa lilikuwa linatimiza miaka hamsini na hotuba ilihitaji kitu kizito.

Amri ikashuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiongeza ukali wake, mpaka ikamwangukia Sikudhani binti Mbaruku.

Huyu Sikudhani alikuwa mtunza kadi wa Idara ya Asili za Maneno, idara yenye chumba kimoja cha kadi na ofisi ya Mkurugenzi nyuma ya ghala la mabomba la Wizara ya Maji. Miaka ishirini na saba alikuwa humo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila neno la nchi lilikuwa na kadi yake, na kila kadi ilikuwa na nafasi nne za kujaza, yaani neno, maana, aliyelisema, na asili. Kanuni ilikuwa mtumishi haondoki kazini mpaka kadi aliyoifungua ijae yote na kugongwa mihuri mitatu. Zamani, ukikwama kwenye asili, uliandika "haijulikani" ukachukua mkoba wako ukaenda zako. Lakini mwaka juzi Mkurugenzi, Bwana Chambuso, alitoa waraka kwamba serikali yenye mamlaka kamili haiwezi kuwa na kitu isichokijua, kwa hiyo jibu hilo limefutwa. Tangu siku hiyo hapakuwa na neno hata moja nchini lisilojulikana asili yake. Idara ikapewa cheti cha ufanisi, wakakitundika juu ya mlango.

Ijumaa hiyo Sikudhani alipekua kila kitu. Alipekua kamusi za wamisionari, barua za maliwali, madaftari ya wapima ardhi. Hakuna. Ikafika saa nane mchana, mlinzi yuko mlangoni na ufunguo mfukoni, na nyumbani mama yake mzazi, Bi Nyamizi, hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, kwa sababu alikuwa hawezi tena kubandika sufuria mwenyewe na jirani wa kumwangalia alikuwa amekwenda msibani. Bwana Chambuso alikuwa akichungulia kila baada ya dakika kumi.

"Siku, imefikia wapi?"

"Natafuta, Bwana."

"Usitafute. Jaza."

Akajaza. *Asili: kuzirenga, lugha ya kale, maana yake kutoinama. Wazirenge: watu wasioinama.* Alitunga, jamani, hivi hivi, kalamu mkononi na tumbo linanguruma. Alijiambia, nani ataumia? Ni maneno mazuri, Mheshimiwa atafurahi, Jumatatu watu watakuwa wameshasahau. Mihuri mitatu ikagongwa, mlinzi akafungua mlango, naye akakimbia nyumbani kumpikia mama yake uji.

*

Kesho yake redio ilifunguliwa nchi nzima, na Sikudhani akaisikiliza akiwa jikoni, kisu mkononi, mchicha mbele yake.

"Wazirenge wenzangu!" Rais alinguruma. "Sasa tumejua sisi ni nani! Babu zetu hawakuinama mbele ya simba! Hawakuinama mbele ya mkoloni! Hawakuinama hata mbele ya mvua, walisimama wakalowa!" Watu wakapiga vigelegele. Na hapo, badala ya kushukuru na kukaa, Rais akaendelea: kwa kuwa Mzirenge ni mtu asiyeinama, basi kuanzia Jumatatu atakayeinama si Mzirenge. Kisu kikamponyoka Sikudhani.

Bi Nyamizi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, alicheka mpaka akapaliwa. Mwanamke huyu alikwangua chumvi kwa miaka arobaini kwenye majaruba ya Mbugani, na majaruba yakamkunja mgongo kabisa. Alipotembea uso wake ulitazama vidole vyake vya miguu, na ukitaka kuongea naye vizuri ilibidi uchuchumae.

"Eti hawakuinama!" akasema akijifuta machozi. "Kwa hiyo chumvi waliyokula miaka yote ilijikwangua yenyewe? Na wewe, Siku, hayo mambo ya maneno si ndiyo kazi yako? Hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza, mama," Sikudhani akajibu, na moyo ukamwuma, maana huo ulikuwa uongo wa pili katika siku mbili na huu alikuwa anamdanganya aliyemzaa.

*

Haya, sheria ikaanza kazi. Serikali iligawa mafagio yenye mipini ya futi saba. Majembe nayo yakarefushwa, mkulima akawa analima mbali na alipo, kiasi kwamba hajui anakata gugu au hindi. Mpunga haukupandikizwa kabisa mwaka huo, kwa kuwa wataalamu walikuwa bado hawajagundua namna ya kupandikiza mpunga mtu kasimama wima, ikabidi mchele uagizwe kutoka nchi jirani, kwa watu wanaoinama. Kamba za viatu zilipigwa marufuku. Golikipa wa timu ya taifa aliyatazama mabao manane yakipita chini chini kandokando ya miguu yake, akiwa amenyooka kama mlingoti, na akapewa nishani uwanjani hapohapo. Kitu kikidondoka barabarani kilibaki barabarani, na baada ya mwezi mmoja ungeweza kutembea mji mzima ukikanyaga funguo, kofia na meno ya bandia ya watu wenye heshima zao. Hata kukaa kulijadiliwa bungeni wiki mbili, ikaamuliwa kwamba kukaa ni nusu ya kuinama, kwa hiyo kunaruhusiwa nyumbani tu. Na wale waliozoea kupiga goti kuwaamkia wakubwa wakafundishwa heshima mpya, ya kuinua kidevu.

Kusimamia yote hayo wakaajiriwa Makarani wa Timazi. Timazi unaijua, ile kamba ya waashi yenye kipande cha chuma nchani, ya kupimia kama ukuta umesimama sawa. Karani aliishikiza kamba kwenye kisogo chako na kuiachia. Chuma kikigusa kisigino, wewe ni Mzirenge wa daraja la kwanza. Kikianguka mbele ya vidole vya miguu, una jambo la kueleza.

Siku walipopiga hodi kwa Sikudhani alikuwepo nyumbani. Karani mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mpole, na kwa kweli ukimtazama ungemwona kuwa ni mtu aliyeamka vibaya akaenda kazini hivyo hivyo.

"Shikamoo, bibi," akasema, kidevu juu.

"Marahaba. Mbona unaniamkia unatazama dari?"

"Ndiyo heshima ya siku hizi, bibi yangu."

Akapima. Chuma kikaenda kutua kwenye mkeka, shubiri tatu mbele ya miguu ya Bi Nyamizi. Karani akapima tena, safari hii polepole, kama anayetumaini kamba itabadili mawazo. "Bibi, jaribu kujinyoosha kidogo. Kidogo tu, nitakusaidia."

"Nijinyooshe niende wapi, mwanangu? Hapa ndipo nilipofikia."

Karani akaandika hati, akamkabidhi Sikudhani bila kumtazama usoni. Mtajwa amepewa siku ishirini na moja kujinyoosha. Akishindwa atafikishwa mbele ya Tume ya Asili, kitambulisho chake kitagongwa muhuri mwekundu, na atapelekwa kuachwa kwenye daraja la mpakani. Ng'ambo ya mto, kila mtu alijua, hawakupokea mtu asiye na kwao. Na huku hawakurudisha. Walioliona daraja hilo walisema watu wameanza kupika juu yake.

Bi Nyamizi alimwomba mwanawe amsomee hati. Sikudhani akaisoma yote. Mama akasema, "Lakini mimi nimezaliwa hapa. Wananipeleka wapi?" Hakuwa anacheka tena.

*

Siku ya tano Sikudhani alimpeleka mama yake kwa mkandaji. Mkandaji akapitisha mikono mgongoni, akatikisa kichwa: "Huyu ukimnyoosha unamvunja." Siku ya tisa alikwenda kwa familia iliyokuwa na bibi anayefanana na mama yake lakini mwenye mgongo mzuri, akawaomba bibi huyo akapimwe kwa jina la mama yake, wakamfukuza. Siku ya kumi na nne, usingizi umekwisha kumkimbia, aliingia ofisini kwa Bwana Chambuso na kufunga mlango.

"Bwana, ile kadi si ya kweli."

"Kadi ipi?"

"Unaijua."

Bwana Chambuso akafunga dirisha. Akafunga na la pili. Akarudi kusimama nyuma ya meza yake. "Ile kadi ina mihuri mitatu, Siku."

"Mmoja ni wa kwako. Ulinisimamia mlangoni ukaniambia nijaze."

"Nilikwambia ujaze. Sikukwambia utunge."

"Na kwa ule waraka wako, Bwana, ningejaza nini bila kutunga? Nilikuwa na njaa, mama alikuwa na njaa, mlango umefungwa!"

"Punguza sauti!" Alitazama mlango, na Sikudhani akaona kwamba mtu huyu anaogopa kuliko yeye. "Sikiliza. Mheshimiwa Waziri Ludenga amepewa udaktari kwa kadi ile. Rais ameitamka mbele ya mabalozi. Ukisema ni uongo, watauliza nani kadanganya. Wewe? Wewe ni nani hata uweze kulidanganya taifa? Itabidi awe Rais, na aliyemwita Rais mwongo utakuwa wewe. Unakijua kile chumba cha chini, cha mabomba?"

Alikijua. Watumishi wawili waliitwa huko mwaka uliopita kwenda kutoa maelezo mafupi, na mpaka leo maelezo yao yalikuwa hayajaisha.

"Ni mama yangu, Bwana Chambuso."

"Na mimi nina baba. Nimemfunga ubao mgongoni, ndani ya kanzu. Analala nao, anakula nao. Lakini amepita." Macho yake yalilowa kidogo, akayapangusa haraka. "Mfunge wako ubao."

"Mama yangu si wa ubao. Umemwona."

Bwana Chambuso akachukua karatasi mezani, akaisukuma kwake kwa ncha ya kidole. "Tume inataka mtaalamu wa kuisoma kadi kwenye kila shauri. Nimependekeza jina lako. Ni heshima kubwa."

"Siitaki."

"Ni heshima ya lazima," akasema Bwana Chambuso.

*

Tume ilikutana katika Ukumbi wa Wima, uliokuwa na jina jingine kabla ya hapo. Viti vilikuwa vimeondolewa, wote wamesimama, na kwa sababu hiyo mashauri yalikuwa mafupi mno. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Asili mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Ludenga, mtu mwenye kola ngumu kiasi kwamba akitaka kutazama pembeni ilimlazimu kugeuka mzima. Wazee walipangwa ukutani kushoto, kila mmoja na mzigo wake, kwa sababu hati iliwashauri waje na mizigo kabisa ili kuokoa muda. Bi Nyamizi alikuwa wa arobaini na moja. Sikudhani alisimama kulia, kadi mkononi.

Wa kwanza aliitwa Mzee Lihami, mpanda mpunga, mgongo umejikunja. Timazi ikashushwa, chuma kikaanguka mbele. "Shahidi, soma."

Sikudhani akasoma. Wazirenge: watu wasioinama. Muhuri mwekundu ukagongwa. Mzee Lihami alipopita karibu naye akienda mlango wa nyuma, alisimama na kusema, "Umesoma vizuri, binti," bila kejeli yoyote, kama mtu anayemshukuru muuguzi aliyemdunga sindano bila kumwumiza.

Nitasema, Sikudhani alijiambia. Ikifika zamu ya mama nitasema. Nikisema sasa watanitoa, na mama atabaki peke yake na hawa. Basi akasoma kwa wa pili. Akasoma kwa wa tatu, mfua nguo wa hospitali. Akasoma kwa mchimba visima, kwa mfinyanzi, kwa bibi aliyekuwa ametumia maisha yake yote kuokota pamba, na kila aliposoma alijipa sababu ileile, na kila mara ilikuwa inazidi kuwa nyembamba. Kufikia wa ishirini jasho lilikuwa limelowesha kadi. Kufikia wa thelathini alikuwa hawatazami tena. Akasoma mara arobaini, jamani. Arobaini.

"Nyamizi binti Kasubi."

Bi Nyamizi akasogea katikati ya ukumbi na bakora yake.

"Wewe ni nani?" akauliza Dokta Ludenga.

"Si umenitaja sasa hivi?"

"Nakuuliza wewe ni mtu wa wapi."

"Mzirenge."

"Unaweza kuthibitisha?"

"Miaka yote watu wa ng'ambo walipokuja kununua chumvi ndio walioniuliza hivyo," akasema Bi Nyamizi. "Wao wageni. Sikujua kwamba na nyinyi hamnijui."

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Timazi ikashushwa. Shubiri tatu, kama mwanzo. Dokta Ludenga akageuka mzima mzima kuelekea kulia. "Shahidi, soma."

Ukutani Bwana Chambuso alikuwa akimtikisia kichwa taratibu: usithubutu. "Neno: Mzirenge," akasoma. "Maana: mwananchi wa nchi hii. Aliyelisema: kila mtu." Akaishusha kadi. "Asili..."

"Endelea."

"Asili: Sikudhani binti Mbaruku, mtunza kadi, siku ya Ijumaa, saa nane mchana, akiwa na njaa."

"Soma kilichoandikwa," akasema Dokta Ludenga.

"Kilichoandikwa nilikiandika mimi, Mheshimiwa. Hakuna kuzirenga. Hakuna lugha ya kale. Nilikuwa nimefungiwa mlango na mama alikuwa hajala, nikatunga. Neno limetoka wapi mimi sijui. Asili yake haijulikani."

Katibu wa Tume akaacha kuandika, kalamu juu, kwa sababu neno hilo lilikuwa halijasikika serikalini kwa miaka miwili na hakuwa na uhakika kama linaruhusiwa kuingia kwenye kumbukumbu.

Bi Nyamizi aligeuza shingo yake kwa shida, upande upande, mpaka jicho moja likampata mwanawe. "Ni wewe, Siku?"

"Ni mimi, mama."

"Tangu Ijumaa ile ya uji?"

"Tangu siku ile. Nisamehe, mama. Nilitaka tu nirudi nyumbani."

"Na hawa arobaini? Umewasomea hali unajua?"

Sikudhani akabaki analia amesimama wima. Bi Nyamizi akamtazama kidogo tena, kisha akarudisha uso wake sakafuni.

Dokta Ludenga hakutetereka, na hii ndiyo sababu yeye ni Waziri na wewe si Waziri. Aliamuru shahidi apimwe. Karani akamshikiza Sikudhani timazi kisogoni, chuma kikagusa kisigino barabara.

"Mheshimiwa, huyu amenyooka," akasema Karani kwa sauti ndogo. "Daraja la kwanza."

"Timazi inapima mgongo," akasema Dokta Ludenga, na sauti yake ikapanda jukwaani ingawa jukwaa halikuwepo. "Mimi nimepima moyo! Shahidi huyu ameinamia huruma, mbele ya Tume, mchana kweupe. Mzirenge hainami! Kwa hiyo shahidi si Mzirenge. Na asiye Mzirenge hawezi kujua asili ya neno letu. Kwa hiyo hakujua alichokisema, kwa hiyo hakukisema, kwa hiyo kadi ni sahihi!"

Makofi yakalipuka. Katibu akaandika kwa furaha, maana sasa alijua la kuandika. Muhuri mwekundu ukagongwa mara mbili, kwa mama na kwa mtoto.

*

Lori liliwabeba wote arobaini na wawili mchana uleule. Sikudhani alikuwa amesimama peke yake nyuma, kwa kuwa wazee walijisogeza mbele wakamwachia nafasi asiyoihitaji. Mzee Lihami alivuta mzigo wake usigusane na miguu ya Sikudhani. Bi Nyamizi aliongea na bibi wa pamba, akaongea na mfinyanzi, wakaulizana koo zao na nani alizikwa lini. Kwa mwanawe hakusema kitu. Sikudhani alimwita mara moja, "Mama," halafu akamwita tena. Akaacha.

Walishushwa darajani jua likiwa bado kali. Askari wa nyumbani wakafunga geti nyuma yao bila kutazama chini. Hapakuwa na mtu aliyekuwa anapika pale, ila mabaki ya majivu na masufuria mawili. Waliotangulia walikuwa wameenda mahali fulani, na hakuna aliyetaka kuuliza ni wapi. Wakatembea polepole mpaka upande wa pili, wakaweka mizigo yao chini kwenye mbao za daraja, wakasubiri.

Kule kulikuwa na askari wa mpakani wa nchi jirani, mtu mnene mwenye meza, mwavuli na fomu. Alisema kwamba wakubwa zake wamechoka kuona wazee wa watu wanakaa darajani, kwa hiyo siku hizi wanaruhusiwa kuingia, mradi kila mmoja aandikwe ni mtu wa taifa gani. Asiye na taifa hana nafasi kwenye fomu.

"Haya, wazee wangu. Nyinyi ni watu gani?"

Wakatazamana. Asubuhi hiyohiyo walikuwa wameambiwa kwamba wao si Wazirenge. Upepo ukavuma mtoni, na kwa muda ilionekana kwamba watu arobaini na wawili watalala hapo kwa kukosa jibu. Mwishowe Mzee Lihami akasema, kwa sauti ya mtu anayetegemea kupigwa, "Wazirenge."

Askari akaangua kicheko. Alipoona hakuna anayecheka naye akajizuia, akavua kofia. "Mniwie radhi. Kumbe hamjui? Hilo ni neno la kwetu. Babu zetu walikuwa wakija kwenu kununua chumvi. Wakitokea kule mlimani walikuwa hawaoni vichwa, wanaona migongo tu, bonde zima migongo. Kwetu, mzirenge ni mtu aliyeinamia kazi yake. Wakirudi wanasema, tumetoka kwa Wazirenge. Nanyi mkajiita hivyohivyo."

"Rudia," akasema Mzee Lihami.

Askari akarudia. Bibi wa pamba akaanza kulia, na mfinyanzi akacheka mpaka akashika mbavu, na wengine hawakujua wafuate upande gani. Sikudhani alisimama kama aliyepigwa kofi. Miaka ishirini na saba alipekua makaratasi, na jibu lilikuwa hapa, mwendo wa nusu siku, kinywani mwa mtu yeyote. Hakuwahi kuvuka kuuliza kwa sababu fomu ya ruhusa ya kuvuka ilikutaka ueleze kwanza jibu utakalorudi nalo.

Askari akaanza kuandika. Hakuwauliza tena, aliwatazama migongo mmoja mmoja na kugonga muhuri. "Mzirenge, pita. Mzirenge, pita baba. Mzirenge." Alipofika kwa Bi Nyamizi alisimama kabisa. "Mzirenge. Karibu, mama." Bi Nyamizi akavuka mstari na bakora yake.

Akabaki Sikudhani. Askari akamtazama kuanzia visigino mpaka kisogo, akaona alivyonyooka, na kalamu ikasimama hewani.

"Na huyu je?"

Mama yake, hatua mbili mbele, hakugeuka, lakini alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza kumhusu tangu ukumbini.

"Huyo bado," akasema Bi Nyamizi. "Mwache aanze na hiyo mizigo."

Mizigo arobaini na mmoja ilikuwa imelala kwenye mbao za daraja, na wenyewe walikuwa wameshaanza kupanda kilima mikono mitupu. Sikudhani akainama, akaanza na wa Mzee Lihami.